Kitambaa cha Mama Gracien

Pélagie, ambaye mtaa mzima wa Kalundu ulimwita Mama Gracien, hakuwa mtu wa kuinuka ovyo.

Kwa asiyejua desturi za Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika: mtu akiimba vizuri kanisani au arusini, hapigiwi makofi tu akaachwa hapo. Akina mama huinuka wakamwendea mbele, naye bado anaimba. Mmoja atampepea, mwingine atamtandikia kitenge chini akanyage, na mwingine atatoa kitambaa amfute jasho la uso. Ni heshima, na wengi huigawa kwa moyo mkunjufu, hata kwa watu ambao ingefaa waombwe wakae. Pélagie, hapana. Alikaa benchi la pili na kitambaa chake cheupe kimekunjwa kiganjani, na Jumapili nyingi kilirudi nyumbani kikavu.

Siku alipoinuka, kanisa zima liligeuza shingo. Wala hakuharakisha. Alikwenda mwendo wake ule wa mtu mwenye karai la ndagala, wale dagaa wa ziwani, kichwani, hata kama kichwani hana kitu, na mwimbaji alilazimika kumngoja huku anaendelea kuimba. Sheria hiyo inajulikana kwa kila aliyewahi kushika mikro Uvira: anayeinukiwa hanyamazi. Ukinyamaza kabla mama hajakufikia, umemwacha peke yake njiani mbele ya macho ya watu, na aibu hiyo hutaimaliza kwa kuomba radhi. Mwalimu wa korali aliwahi kufutwa na Pélagie mara moja tu maishani mwake, na mpaka leo akijitambulisha kwa wageni hilo hulitaja kabla ya kazi yake.

Gracien alikuwa mwanawe wa pekee, na alikitaka kitambaa hicho tangu utotoni. Alikiona kila siku kwenye kamba ya nguo, kimefuliwa, kinapepea bila kazi, na kila siku alijiambia kwamba iko siku. Alipokuwa mdogo aliimba kwenye korali kwa sauti nyembamba nzuri, na mama yake akamtazama kutoka benchi la pili bila kuinuka, kwa sababu kuwa mama wa mtu haikuwa sababu ya kutosha. Kisha akabalehe. Wenzake sauti zilivunjika zikaunganika upya. Ya Gracien ilivunjika ikabaki vipande. Alipofungua kinywa kuimba besi, akina dada wa safu ya mbele waliinama wakidhani kitu kinaanguka kutoka darini. Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba korali ina uhaba mkubwa wa watu wa kupanga viti.

Akapanga viti. Angeendelea kuvipanga hadi leo kama si rafiki yake Damien, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu karibu na bandari. Siku moja mteja alisahau kadi ya kumbukumbu ya simu pale kibandani. Damien akaijaribu, na ndani yake ikatoka sauti ya mtu anayenguruma juu ya magita yaliyokasirika.

"Hii kadi imekufa," Damien alisema, akanyoosha mkono aitoe.

Gracien akamshika mkono. "Wacha. Haiyakufa. Huyu muntu njo vile anaimba."

"Anaimba nini?"

"Sijue. Lakini sikia. Iko na sauti ya minye, kabisa kama yangu."

Hivyo ndivyo hevi metali ilivyoingia Uvira, au angalau ndivyo Damien anavyosimulia, na kwa kuwa kadi haikurudiwa na mwenyewe hakuna wa kumbishia. Damien akajifundisha gita. Franck, aliyekuwa akipiga ngoma kwenye kanisa jirani na kulaumiwa kila wiki kwa kupiga kwa nguvu, akaambiwa kwamba hapa nguvu ndiyo inayotakiwa, akafurahi mpaka akakosa usingizi. Bendi ikaitwa Radi ya Kalundu. Na Gracien akagundua kwamba kunguruma si kupiga kelele. Ni kazi ya tumbo na pumzi. Ukitumia koo, siku ya pili huwezi hata kuomba chumvi.

Kwa hiyo akafanya mazoezi, na mazoezi hayo ndiyo yaliyomharibia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Pélagie alikuwa ameshuka bandarini kununua ndagala za kuanika. Gracien alisimama nyuma ya nyumba, kichwa ndani ya ndoo ya plastiki ili ajisikie vizuri, akaachia mngurumo mrefu, na mwingine, na wa tatu. Sasa, mtaa kama ule, kilio cha namna hiyo kikitoka nyumbani kwa mtu kina maana moja tu, na watu wa Kalundu hawangojei kuitwa. Generose, jirani na mwenzake Pélagie katika biashara ya ndagala, alijifunga kitenge kiunoni akaja mbio. Nyuma yake wakaja wengine na mikeka, na viti, na kuni, na mwingine na sufuria ya maharage yaliyokuwa jikoni kwake tangu alfajiri. Wakasikia kwamba anayelia ni Gracien, wakahitimisha kwamba aliyekufa ni mama yake. Wakafunga turubai. Wakawasha moto. Gracien ndani ya ndoo yake hakusikia lolote.

Pélagie akaingia uani na karai kichwani. Aliona turubai, akaona mikeka, akamwona Generose ameketi chini analia, na akajua kwamba mwanawe hayupo tena. Watu nao wakamwona marehemu anaingia kwa miguu yake. Vilio viwili vikagongana pale uani, ndagala zikamwagika hadi kwenye moto, na ndipo Gracien alipotokea nyuma ya nyumba na ndoo mkononi kuuliza kuna nini.

"Nani alikufa?" Generose aliuliza, sasa akiwatazama mmoja mmoja.

"Hakuna muntu alikufa, mama. Minye niko nafanya repetisyo ya kuimba."

"Repetisyo ya kufa?"

Watu walicheka, kwa kuwa maharage yalikuwa yameiva na hakuna aliyekufa, na hizo ni habari mbili nzuri kwa asubuhi moja. Wakala, wakakunja mikeka, wakaenda zao. Pélagie hakucheka. Kwa muda wa pumzi chache alikuwa amempoteza mtoto, na sasa aliokota ndagala moja moja hadi ya mwisho. Alipomaliza alimwita Gracien akasimama mbele yake.

"Minye nainukia muntu mwenye kuniambia neno," alisema. "Weye hausemi neno. Unanguruma tu. Siku nitasikia hata neno moja lenye unasema, njo siku nitabeba kitambaa. Kama hiyo siku haiyafika, usinitazamie."

Maneno yalikuwemo. Hilo ndilo lililomuuma Gracien. Alikuwa ameyatunga mwenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani: kuhusu umeme unaokatika mtu akiwa amepiga pasi mguu mmoja wa suruali, kuhusu mashimo ya barabara ya Kavimvira ambayo wenye pikipiki wameyapa majina. Angeweza kumsomea mama yake. Lakini kitambaa hakiombwi. Ukimweleza mtu kwa nini akufute, atakachofuta ni maji tu.

Basi akaendelea bila kitambaa, na kusema kweli aliendelea vizuri kupita kiasi. Radi ya Kalundu ilianza kwenye arusi moja huko Kavimvira ambako bendi ya rumba ilikosa kufika. Mashangazi walisogeza viti nyuma, kisha wakavisogeza tena. Hapo akainuka mjomba wa bibi arusi, mfugaji kutoka Mulenge, mrefu, na fimbo yake, akanyoosha mikono juu akacheza kwa utulivu mkubwa katikati ya kelele zile. Alipoulizwa alisema kwamba tangu ashuke milimani hakuwa amesikia mtu mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde. Kutoka hapo wakaitwa Bujumbura, ambako vijana walivaa fulana nyeusi kwenye joto lile bila kulalamika. Kutoka Bujumbura wakaitwa Kampala, kisha Nairobi, na huko Gracien aliona watu wasiomjua wakitikisa vichwa kwa nyimbo za mashimo ya Kavimvira.

Nyumbani nako mambo yakabadilika. Wenye pikipiki walifunga vitambaa vyeusi kwenye vioo. Shuleni watoto wakiitwa majina waliitikia kwa mngurumo hadi mkurugenzi akapiga marufuku, naye akakamatwa ofisini kwake akijaribu. Mwalimu wa korali, yule yule wa viti, alikuja kwa Gracien jioni moja kwa unyenyekevu, akaomba awafundishe watu wa besi namna ya kuvuta pumzi. Gracien akaenda, akawafundisha, na Jumapili iliyofuata Pélagie aliinuka akamfuta jasho kijana wa besi aitwaye Ndikumana. Gracien alikuwa amesimama mlangoni. Alimpongeza Ndikumana kwa moyo wote, kisha akatembea kwa miguu hadi nyumbani peke yake.

Kisha ukaja mwaka ambao ziwa lilikataa kukaa mahali pake. Maji yalipanda, yakameza ufuko, yakapita barabara, na asubuhi moja yakaingia ndani ya nyumba za Kalundu ya chini. Gracien alikuwa akihamisha magodoro kwa jirani wa juu. Akitoka chumbani na la mwisho kichwani, alimkuta mama yake amesimama mlangoni, maji magotini, sketi ya ndani tu na ufagio mkononi, analigombeza ziwa.

"Weye Ziwa, rudi kwako," alikuwa akisema. "Nani alikuita huku? Unaingia kwa nyumba ya muntu bila kubisha hodi? Kitanda yangu si mutumbwi. Sufuria yangu si bandari yako. Rudi kwako."

Sauti haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa imepasuka, nzito, inatoka tumboni, na ilijaza chumba chote na maji yake. Gracien alisimama na godoro kichwani, akasahau kulishusha. Miaka yote alidhani sauti yake ilivunjika kwa bahati mbaya. Kumbe alikuwa ameirithi.

Akautunga wimbo juma lile lile, wakiwa bado wanalala kwa jirani, akauita "Rudi Kwako". Ndio uliowapeleka mbali kuliko yote. Mwisho wake una neno moja, "kwako", linalovutwa kwa pumzi moja bila kukatwa, na Gracien akilikata tu, Franck anapiga sahani za shaba na wimbo umekwisha. Mama yake aliusikia kupitia ukuta mara nyingi, kama anavyosikia mashine ya kusaga. Hakujua kwamba maneno yale ni yake mwenyewe.

Maji yalipopungua, yakaacha ufuko mpana wa mchanga mpya mbele ya bandari, na Radi ya Kalundu wakapanga kupiga hapo Jumapili moja baada ya ibada, bure, kwa ajili ya mtaa wao. Gracien alimwambia mama yake kwa njia ya mbali, huku anatafuta viatu. Pélagie alisema siku hiyo ana kikao cha akina mama. Gracien akasema sawa, akaendelea kutafuta viatu alivyokuwa amevivaa.

Asubuhi ya Jumapili hiyo, walipokuwa wakifunga nyaya za vipaza sauti, Generose alikuja hadi jukwaani, akamvuta pembeni. Jukwaa lilikuwa mbao juu ya kreti za bia, na Onesphore, mkubwa wa wabebaji wa bandari, alikuwa akilipima nguvu kwa kulirukia.

"Gracien, kuna kitu kilifanyika pa bandari," Generose alisema. "Juzi boti ya Kigoma ilifika na simenti. Ba Onesphore wote wakaanza kubeba, na wakaimba wimbo yako, ile ya Ziwa. Lakini weye unajua vile wanaimba, polepole, bila gita, kila neno linasikika. Mama yako alikuwa pale, ananunua."

Gracien aliweka chini waya aliokuwa ameushika. "Na akasema nini?"

"Akasimama. Akaniuliza nani alitunga hii. Nikasema, si mutoto wako? Basi akageuka akaenda. Ndagala zake aliziacha pale pale, ni minye nilizianika."

"Alikuwa na kasirani?"

Generose alifikiri kwa haki. "Mama yako sura yake ni moja tu," alisema. "Minye sikuweza kujua."

Sasa ndipo hofu ilipomwingia barabara. Mwanamke ambaye hainuki ovyo kanisani, heshima yake inajulikana Uvira nzima, alikuwa amesikia bandari yote ikiimba maneno aliyoyasema akiwa na sketi ya ndani. Na aliyeyatoa nje ni mtoto wake mwenyewe, bila kumwomba ruhusa, na kuyapeleka hadi Nairobi. Gracien hakuwaza kitambaa tena. Aliwaza jinsi ya kurudi nyumbani jioni.

Walianza jua likiwa bado kali. Mbele walijaa vijana, fulana nyeusi, mchanga ukiruka. Nyuma yao, na hili halijawahi kuonekana Nairobi, akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja moja kwa moja kutoka ibadani na vitenge vya sare, wamebeba viti vyao vya plastiki, wamekaa safu kwa safu kama watu wanaongojea mahubiri. Walikuja kuona bure, tena mtoto wa mwenzao. Katika wimbo wa tatu Gracien alimwona. Safu ya pili, karibu na Generose. Kikao cha akina mama kilikuwa kimehamia pale.

Alisahau mstari mzima wa wimbo, akanguruma bila neno lolote, na kwa mara ya kwanza shutuma ya mama yake ikawa ya kweli.

Walipofika kwenye "Rudi Kwako" mambo yalibadilika. Wabebaji wa Onesphore waliokuwa pembeni waliimba pamoja naye, na wao maneno yao yalisikika. Nyuma yao wakadakia akina mama, kwa sababu hata wao ziwa liliingia kwao bila hodi. Ufuko mzima ukawa unaligombeza ziwa, nalo lilikuwa pale pale nyuma ya jukwaa, limetulia kabisa. Gracien akafika mwisho. Akavuta pumzi hadi chini, akalianza lile "kwako" la mwisho.

Pélagie akainuka.

Shingo zikageuka. Vijana hawakujua kuna nini, lakini waliona mama zao wanavyotazama, wakapasua njia. Mkononi alikuwa na kitu, ila amekifumbata, na Gracien hakuweza kuona kama ni kitambaa au ni ngumi. Alijua jambo moja tu. Anayeinukiwa hanyamazi, hata kama anayekuja anakuja kumzaba kofi.

Akashikilia neno.

Pélagie alikuja kwa mwendo wa karai la ndagala. Njiani alisimama kurekebisha kitenge. Akamsalimia mama mmoja wa Mulongwe ambaye hawakuwa wameonana kitambo, akaulizia watoto. Ndala moja ikazama mchangani. Akainama, akaivuta, akavua na ya pili, akazipangusa. Jukwaani Damien alimwona mwimbaji wake anageuka rangi, akaendelea kuvuta nyuzi. Franck aliinua fimbo juu ya sahani za shaba, akaziacha hewani. Mngurumo wa Gracien ulishuka, ukapasuka, ukawa mkwaruzo, lakini haukukatika. Machozi yalimtoka. Aliona nyota mchana.

Jukwaa halikuwa na ngazi. Onesphore na mwenzake walimshika Pélagie, mmoja huku mmoja huku, wakampandisha kwa uangalifu ambao saruji haijawahi kuupata. Akasimama mbele ya mwanawe. Akafungua kiganja, na kitambaa kilikuwemo, cheupe, kimekunjwa mara nne.

Alikikunjua bila haraka. Akamfuta paji la uso, shavu hili na shavu lile. Akakigeuza upande mkavu, akamfuta chini ya kidevu, pale ambapo uji huwa unabaki mtoto akishalishwa. Gracien alikuwa bado na uzi mwembamba wa sauti, basi tu, asimwache mama yake njiani.

Pélagie akamsogelea sikioni.

"Maneno yote nimeyasikia," alisema. "Pumua sasa, mutoto wangu."

Gracien akapumua, na Franck akapiga sahani.